Nyumba Iliyovishwa Koti la Simenti

Ninyi mabinti mnaokaa sasa chini ya lile bati karibu na barabara ya kwenda Goma, mahali palipokuwa pangu, mnakwangua matofali ya zamani huku jicho moja liko kwenye simu: ziwekeni simu kwanza. Nimeacha kazi kwa sababu kifundo cha mkono kimekataa, si kwa sababu nimemaliza kusema. Shule nilifika darasa la tatu. Mkikuta herufi imekaa vibaya, isukumeni wenyewe mwendelee.

Sitawaambia nilipata nini. Anayetaka kujua aje aangalie paa langu. Nataka kuandika juu ya tofali, na juu ya nyumba ya Mama Zubeda aliyenifundisha kazi hii. Naandika sasa, sikungojea mwaka mwingine, kwa sababu barazani kwangu kuna mifuko ya simenti. Wanangu wameileta kuniheshimu, eti mama amestaafu. Wanataka kuipiga nyumba yangu lipu nje na ndani, wapake rangi ya maziwa, ipendeze. Fundi anakuja Jumatatu. Nyumba ya Mama Zubeda ilipewa heshima hiyohiyo, na mimi niliona iliishia wapi.

Nianze mwanzo.

Nilikuwa mke kijana, mwanangu Sadiki bado yuko mgongoni. Mama Zubeda alikuwa mjane wa mtaa wetu, mwanamke mrefu, hacheki ovyo. Babu yake alikuja na biashara ya chumvi na nguo kutoka upande wa Ujiji. Mume wake alikuwa na lori. Alipokufa, watu walitegemea mjane atauza vitenge kama wajane wengine. Yeye alinunua kuta. Mtu akitaka kubomoa nyumba ya zamani ajenge mpya, Mama Zubeda anakwenda, anagonga ukuta kwa kidole, anakubaliana na mwenyewe, kisha analeta wanawake wake. Tunaitoa nyumba tofali kwa tofali, tunasafisha, anauza kwa mwingine anayejenga.

Siku yangu ya kwanza tulikuwa tunashusha duka la zamani karibu na ziwa. Nilikuja na nyundo ya mume wangu, nimejiamini. Nikaweka tofali mbele yangu, bado lina udongo uliolishika ukutani, nikapiga. Likapasuka katikati.

“We Asha,” akasema, “hiyo tofali ilikukosea nini?”

“Nilikuwa natoa udongo, mama.”

“Udongo iko pembeni. We unapiga tumbo. Mutu akikupiga tumbo, utabaki umesimama?”

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, “Muache, mama, yeye amezoea kuponda majani ya sombe.” Wakacheka tena. Mama Zubeda hakucheka. Alininyang’anya nyundo, akanipa kipande cha panga kilichovunjika, mpini wake umefungwa mpira wa tairi. Akasema, “Nyundo ni ya kubomoa. Sisi hatubomoi. Sisi tunavua.”

Panga lile bado ninalo. Limebaki fupi kama kijiko. 

Sasa sikilizeni kazi, maana nimewaona mnavyofanya. Tofali haliwekwi chini kwenye jiwe. Liwekwe juu ya tairi kuukuu, au pajani juu ya gunia lililokunjwa, ili pigo lipate mahali pa kwenda. Piga ukingoni, pale udongo unapokutana na tofali, kwa kulaza panga. Udongo mzuri unatoka kipande kizima, kama ganda la yai lililochemka. Usiloweshe maji ili vumbi lipungue. Funga kitenge puani. Chokaa ya zamani inakula vidole, kwa hiyo paka mawese kabla ya kuanza, siyo baada ya kulia. Panga matofali kwa kuyasimamisha, usiyalaze, mvua ipite katikati. Na nusu tofali usitupe. Kila ukuta unahitaji nusu mahali fulani, kama kila familia inavyohitaji shangazi asiyeolewa.

Ukijua kuvua, unaanza kusoma. Mimi kitabu kilinishinda mapema, lakini ukuta haukunishinda.

Kwanza masikio. Shika matofali mawili, uyagonganishe. Lililoiva linalia kama kikombe kizima. Ambalo halikuiva linasema kama papai. Halafu macho. Nyumba za kwanza kabisa za huku chini ziwani zina tofali nene, zito, pana kama mkate. Ukiligeuza unaona vidole vya aliyelifinyanga, vinne upande huu na dole gumba upande wa pili. Watu wale sijui majina yao, lakini mikono yao naijua. Iko mmoja alikuwa na kidole kifupi, nimekutana naye kwenye nyumba tatu. Chini ya nyumba hizo kuna mawe meusi ya volkano, na kati ya tofali na tofali kuna chokaa iliyochanganywa na mchanga na majivu. Ukuta ni mpana kama mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni.

Waliofuata walipunguza. Tofali likawa jembamba, nyuso zimenyooka, limetoka kwenye kibao cha kufyatulia. Maduka ya wafanyabiashara mengi ni ya hilo. Baadaye kuni zikawa shida, watu wakachoma kwa haraka: ukivunja tofali la wakati huo, nje ni jekundu na ndani lina moyo mweusi. Yaani hata bila kuuliza unajua wakati gani watu walikuwa na misitu, wakati gani walikuwa na haraka, na wakati gani hawakuwa na kimoja wala kingine. Na rangi za ukutani nazo zinasema. Unakwangua buluu, chini yake kijani, chini yake nyeupe: kila mwenye nyumba alidhani amefuta wa kabla yake.

Kuna matofali yenye unyayo. Yalikuwa yameanikwa mabichi, mbuzi akapita, au mtoto. Mama Zubeda akikuta la mtoto alikuwa anasema, “Huyu alikanyaga, akakimbia, akakamatwa, akachapwa.” Lile haliuzwi. Anampa mwenye nyumba mpya bure, liwekwe juu ya mlango kwa ndani, unyayo ukiangalia chumbani. Nilimuuliza faida yake. Akasema, “Faida ya nini? Ni mutoto. Unataka alale inje?”

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa imetoka kwenye nyumba nyingine. Ukuta wa mbele ulikuwa wa ghala la mfanyabiashara, wa ubavuni ulikuwa wa misheni, na chumba chake cha kulala, kule nyuma kwenye ua, kilikuwa cha matofali manene ya jiko la nyumba moja ya ziwani iliyovunjwa kabla mimi sijaolewa. Wageni waliona nyumba iliyoungwaungwa. Sisi tulimwona ameketi ndani ya mji mzima.

Miaka ya vita tulivuka mpaka kwenda Goma kama wengine, na tukarudi. Sitasema mengi. Tuliporudi, kuta zilikuwa nyingi na kila mtu alikuwa anauza. Vijana walituletea matofali mazuri kwa mikokoteni, na wenye nyumba hatukuwaona. Mama Zubeda alisimama njiani, akauliza neno moja tu: “Mwenyewe iko wapi?” Wakinyamaza, alifunga mlango. Tulikaa bila kazi muda mrefu, tukala viazi vya Bugeshi asubuhi na jioni. Mwanamke mmoja alinung’unika kwamba tofali halina jina. Mama Zubeda akamjibu, “Halina jina, lakini iko na mwenyewe.” Hilo ndilo sharti lake la kwanza na sijalivunja. Ninyi pia msilivunje.

Kisha zikaja bloki za simenti, na hoteli, na vioo. Mimi sina ugomvi na hoteli. Lakini niliwahi kuitwa kuangalia jengo moja la ghorofa lililokuwa linavunjwa. Nililiona likijengwa, na mjukuu wangu aliyezaliwa mwaka ule hajamaliza kuota meno ya mbele. Mwenyewe amebadili mawazo, anataka refu zaidi. Akaniambia, “Mama, chukua unachotaka.” Nikazunguka na panga langu. Hakukuwa na cha kuchukua. Bloki na simenti vimekuwa kitu kimoja. Ukitaka kutenganisha, vyote vinakufa. Ilikuja mashine, ikasaga, voiture ya mizigo ikabeba, vikaenda kujaza mashimo ya barabara ya Rugerero. Jengo zima, na sasa pikipiki zinapita juu yake. Siku ile nilielewa kitu ambacho Mama Zubeda alikuwa anakisema bila kukisema: wazee wa zamani walijenga ukuta ambao udongo wake ni dhaifu kuliko tofali. Siyo kwa sababu hawakujua kitu kigumu. Ukuta ukichoka, udongo ndio unaachia, tofali linabaki. Sisi tunafanya gundi kuwa na nguvu kuliko mwili, halafu tunashangaa nyumba zetu ni za kutupa.

Sasa nafika kwenye koti.

Mama Zubeda alikwenda kuhiji amekwisha kuzeeka. Mnajua desturi yetu: mtu akiwa Makka, watoto wake wanaitengeneza nyumba ili arudi aikute mpya. Wengine wanapaka chokaa, wengine wanabadili mapazia. Watoto wake walimpenda sana, na mkubwa wao, Idrisa, alikuwa na kazi nzuri Goma. Akaleta simenti. Walikwangua chokaa yote ya zamani kwenye maungio ya ukuta wa mbele na wa ubavuni, wakashindilia simenti, juu yake wakapiga lipu, juu yake rangi. Ndani vilevile. Ua wa nyuma waliuacha, maana mgeni hafiki. Na chumba chake cha kulala hawakukiingia, kwa sababu kabla ya safari alikifunga kwa kufuli na kuondoka na ufunguo.

Nilipita, nikaona mafundi juu ya ngazi. Nikamwambia Idrisa, “Mwanangu, ngoja mama arudi.” Akanijibu kwa adabu, “Mama Sadiki, hii ni surprise. Na simenti ni ya kudumu.” Nitabishana vipi na mtoto anayemfanyia mama yake mema, na mama yuko Makka?

Alirudi, mtaa ukajaa, dufu zikapigwa, akashushwa kwenye gari amevaa nyeupe. Idrisa akamshika mkono, akamwonyesha. Hajati, kwa kuwa sasa ndilo jina lake, aliangalia ukuta muda mrefu. Akagonga kwa kidole, kama alivyogonga kuta za watu maisha yake yote. Ukuta haukulia. Akasema, “Mungu awalipe, wanangu. Ni muzuri sana.” Watu wakapiga vigelegele. Jioni nilimpelekea chai chumbani, kwenye kile chumba cha nyuma ambacho hakikuguswa.

“Hajati,” nikamuuliza, “ulifunga chumba kwa sababu ulijua?”

“Nilifunga juu ya wajukuu. Iko sukari yangu mule, wangeimaliza.”

Kisha akanywa chai. Akasema taratibu, “Asha, nyumba yangu wameivalisha koti. Donc, siku ya kulivua, litatoka na ngozi.” Na hakulizungumza tena, hata siku moja, mbele ya watoto wake.

Huku kwetu mvua haina likizo. Tofali la zamani linakunywa maji na linayatema, ndivyo linavyoishi. Chini ya lipu ya simenti linakunywa na halina pa kutemea. Mwaka wa pili ukuta wa mbele ulianza kutoa jasho kwa ndani, chumvi nyeupe ikachanua kama ukungu wa mkate. Ukigonga, unasikia utupu. Idrisa akaongeza lipu nyingine.

Halafu mlima wetu wa volkano ukamwaga moto, na yakaja yale matetemeko siku baada ya siku. Mnayakumbuka, hata wadogo wenu wanayakumbuka. Nyumba ya Hajati ilipasuka kona ya mbele hadi chini. Alikuja kijana wa ujenzi, mpole, amekulia Tanzania, Kiswahili chake cha redioni. Akazunguka, akapima, akasema, “Bibi, nyumba hii isikaliwe tena. Ishushwe kabla haijaanguka yenyewe.” Idrisa akabisha. Mimi sikubisha, kijana alikuwa na haki. Ukuta ule ulikuwa unasimama kwa mazoea tu.

Lakini Idrisa kazi ya Goma ilikuwa imekwisha, na Hajati hakutaka kwenda kulala kwa mtu. Alitaka afie kwenye kiwanja chake. Cha kununulia matofali mapya hakikuwepo. Chumba kimoja tu kilihitajika, na kingetoka kwenye nyumba ileile au kisingekuwepo. Bon, tukaenda, wanawake wote aliowafundisha, na wengine tulikuwa mabibi.

Tulianza mbele. Sijapata kuona kazi ya huzuni kama ile. Tofali la ghala, lililopita kwenye vita na kwenye wenyewe watatu, unalishika, unalaza panga ukingoni, unagonga kama ulivyofundishwa, na uso mzima unabanduka na simenti. Mkononi kinabaki kifusi. Tukajaribu patasi. Tukajaribu msumeno wa chuma. Ukuta wa misheni vilevile. Hajati alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki uani, anasikiliza. Hakuhitaji kuangalia, alikuwa anasikia kila moja linavyokufa. Idrisa alikuwa anabeba kifusi. Alipopita mbele ya mama yake aliinamisha kichwa, naye akamwambia, “Idrisa, inua uso. We ulinipenda. Simenti ndiyo haikujua.”

Siku ya tatu tukafika chumba cha nyuma. Nilipanda mwenyewe. Nikalaza panga juu ya tofali la kwanza chini ya paa, nikagonga mara moja, taratibu. Likatoka. Lilitoka zima, na udongo wake umebaki umekaa chini kama sahani. Nikaligonganisha na la pili. Vikombe. Kule uani Hajati akasema, “Hiyo ni ya jiko la ziwani.” Wanawake wakaanza kupokezana, mkono kwa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mtu akaimba.

Kuta nne za chumba kimoja zikatosha chumba kimoja, na juu ya mlango tukaweka lile lenye unyayo wa mtoto, lililotoka chumbani mwake. Yule kijana wa ujenzi alirudi kwa hiari yake. Nilimuuliza kama tunaweza kujengea chokaa. Akafikiri, akasema, “Kwa chumba cha chini kama hiki inawezekana, Bibi, lakini kona tuweke vyuma, na juu mkanda wa zege uzunguke, tetemeko likija nyumba icheze pamoja.” Nikakubali. Simenti ina mahali pake: chini, juu, na chooni. Katikati iache watu wapumue.

Hajati aliishi mle hadi Mungu alipomwita, kitandani kwake, mlango uko wazi uani. Baadaye kiwanja kiligawanywa, na Idrisa akahamia Rugerero. Mnajua alichofanya? Alikuja kuniomba panga. Alikivua kile chumba mwenyewe, tofali kwa tofali, mkanda wa zege peke yake ndio aliouacha, akakipakia, akakisimamisha tena kule juu kwenye kiwanja chake. Nilikwenda kukiona. Unyayo uko juu ya mlango, na mjukuu wa Hajati analala chini yake.

Kwa hiyo jana, Ijumaa, baada ya chakula, niliwaita wote barazani: Sadiki, mke wake Mariamu, na wadogo zake. Mifuko ya simenti iko hapo tumeikalia.

Sadiki akasema, “Mama, watu wanapita wanasema watoto wa Mama Sadiki hawana huruma, mama yao anakaa kwenye tofali tupu.”

“Wanaopita waendelee kupita,” nikasema.

“Na mvua, mama?” akauliza Mariamu.

“Ndiyo maana paa limetokeza. Mnataka kuniheshimu? Kila mwaka Idi ikikaribia mnipakie chokaa, hiyo haizibi pumzi ya tofali, wote, pamoja na wajukuu, na mimi nitakaa hapa niwakosoe.”

Wakacheka. Sadiki akaangalia mifuko. Najua aliitafuta kwa jasho, na moyo wangu haukuwa wa jiwe. Nikamshika bega, nikawapa amri, na nimeiandika hapa ili wasije wakasema hawakusikia:

“Jumatatu fundi akija, mumuonyeshe choo na msingi wa jiko, simenti iishie pale. Ukuta wangu mutu asiuvalishe kitu. Na siku mimi nikitoka humu kwa kubebwa, mukimaliza matanga, mupande juu, mutoe bati, mushuke polepole, tofali kwa tofali, mupokezane kwa mikono miwili. Na mutu asipige tumbo.”